Tangi la kioo la kuagiza kwa fundi wa Dodoma: je, tarantula anatulia humo?

Ukimwambia fundi vioo wa Dodoma akutengenezee tangi, atakutengenezea tangi la samaki. Atakata kioo cha milimita 5, ataziba kila pembe isivuje, juu ataacha wazi au ataegesha kipande cha kioo, na kwa mfuga samaki kazi hiyo haina kasoro. Muweke humo tarantula mchimbaji, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya anayeishi shimoni, na usiku kucha atapanda kuta. Mchana atajikunyata kwenye kona. Wiki zitapita hajachimba, kwa sababu udongo ni haba, hewa imesimama, na juu yake kuna nafasi kubwa ya kuanguka.

Tunachokipima hapa ni tangi hilo hilo la fundi, ila lililoagizwa kwa vipimo vya buibui. Mafundi wa vioo na alumini wamekuwa wengi jijini tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 na ujenzi kushika kasi. Mabaki ya kioo cha madirisha hayakosekani kwenye karakana zao, na ukikubali mabaki, bei hushuka vizuri. Hukumu yetu tunaitoa mapema: likifuatwa maelekezo yaliyo hapa chini, tangi hili ni makazi mazuri sana kwa tarantula mkubwa wa ardhini. Likiachwa fundi aamue mwenyewe, boksi la plastiki la sokoni linalishinda kwa mbali.

Kipimo chetu ni kimoja: buibui anaanza kuchimba, kufuma utando na kula kwa urahisi kiasi gani baada ya kuhamishiwa humo. Tangi kupendeza sebuleni hatukulipa alama.

Tunawazungumzia wachimbaji wa ukanda wetu. Anayejulikana zaidi duniani ni Pterinochilus murinus, mwenye rangi zinazotofautiana kuanzia kahawia ya kijivu hadi chungwa kali, ambaye jike lake likikomaa hufikia sentimita 12 hadi 15 ukipima kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mguu. Yupo pia Eucratoscelus pachypus wa Tanzania, mwenye miguu ya nyuma minene yenye manyoya mengi, ambaye karibu maisha yake yote huyamaliza shimoni. Hawa hawana nywele za kuwasha tumboni kama jamaa zao wengi wa Amerika. Ulinzi wao ni kukimbia kwa kasi ya kushangaza, kisha kuuma. Tarantula ni mnyamapori, kwa hiyo kabla hujamtoa porini, iwe Bahi, Chamwino au Kongwa, pita kwanza ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) uulize habari ya kibali.

Vipimo vya kumpa fundi

Viandike kwenye karatasi, usiviseme kwa mdomo tu. Urefu sentimita 45, upana 30, kimo 35. Kitako kiwe kioo cha milimita 6, kuta milimita 5. Udongo utafika sentimita 20, na juu yake zitabaki 15. Nafasi hiyo haipunguzwi wala haiongezwi kwa kupenda. Tumbo la tarantula ni laini na lina ngozi nyembamba. Akiteleza kutoka juu na kuangukia jiwe au ukingo wa kisosi, linaweza kupasuka, na hapo damu haizuiliki. Kanuni inayotumika ni kwamba kimo kutoka udongoni hadi kifunikoni kisizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui mwenyewe.

Hewa ndiyo sehemu ambayo fundi atabishana nawe. Atapendekeza wavu wa mbu juu, ule ule anaoufunga madirishani. Kataa. Kila mguu wa tarantula una kucha ndogo mwishoni, na akitembea chali chini ya wavu, kucha hunasa. Hujivuta mpaka mguu ukatike. Wavu wa nailoni pia huutafuna kwa meno yake mpaka apate upenyo. Juu ya hayo, kwa Dodoma, kifuniko cha wavu kizima hukausha tangi upesi mno. Kuanzia Mei hadi Oktoba mvua karibu hakuna kabisa, na upepo mkavu wa Julai hadi Septemba huingia hadi vyumbani.

Badala yake, agiza ukanda wa alumini yenye matundu, upana wa sentimita 3, kwenye kuta mbili fupi zinazotazamana. Upande mmoja ukanda ukae chini, karibu na uso wa udongo: kioo cha sentimita 21, kisha ukanda, kisha kioo cha sentimita 11 juu yake. Upande wa pili ukanda ukae juu kabisa: kioo cha sentimita 32, kisha ukanda. Hewa baridi huingia chini, yenye joto hutokea juu upande wa pili, na uso wa udongo hauoti ukungu. Matundu yawe ya milimita 2, yasizidi 3. Kumbuka kwamba tarantula hupita popote ambapo gamba gumu la mgongoni, lile linalobeba macho, linapita. Tumbo hujibana likafuata. Kwa mtoto wa buibui matundu hata ya milimita 2 ni makubwa, lakini mtoto hana shughuli na tangi la ukubwa huu.

Kifuniko kiwe cha kioo cha milimita 4 kinachosukumwa ndani ya reli za alumini, zile za madirisha ya kusukuma, ambazo fundi anazo tayari. Akriliki, yaani plastiki inayoonyesha kama kioo, ni nyepesi, lakini unyevu ukiipata upande mmoja hujipinda, na kwenye kona unabaki mwanya. Kingo za kioo zipigwe msasa. Kufuli dogo la dirisha liwekwe mwishoni mwa reli, maana jike lililokomaa lina nguvu za kutosha kuinua kifuniko kilichoegeshwa tu, na watoto wa nyumbani wana nguvu zaidi.

Silikoni iwe ile ya kawaida ya kioo inayonuka siki wakati wa kukauka. Silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuua ukungu isikaribie tangi hili. Fundi atakwambia baada ya saa 24 unaweza kulitumia. Kwa kubeba maji ya samaki pengine, ila kwa buibui anayefungiwa na mvuke ule, liache wazi siku 7, mpaka usisikie harufu hata ukiingiza pua ndani.

Udongo, na kwa nini tangi haliguswi tena

Eneo la sentimita 45 kwa 30 likijazwa sentimita 20 ni lita 27 za udongo ulioshindiliwa. Wa kumwaga utahitaji lita 35 hivi, maana unashuka ukikandamizwa. Ukijumlisha kioo, ambacho pekee kina karibu kilo 10, tangi lililojaa linafika kati ya kilo 45 na 50. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanalijaza barazani, kisha watu wawili wanalibeba hadi chumbani, udongo unapasuka, na shimo walilolianzisha linabomoka. Meza iwekwe kwanza mahali pake, juu yake kipande cha sponji au boksi lililokunjuliwa ili kitako kisipate ncha ya kukipasua, kisha tangi, kisha udongo. Likishajaa, haliondoki hapo.

Udongo wetu mwekundu wa kichanga unafaa kuliko mifuko ya kununua. Changanya sehemu tatu za udongo huo, sehemu moja ya mchanga na sehemu moja ya kokopiti, yaani makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo wauza miche wanayo. Kokopiti peke yake haishiki shimo. Buibui akichimba, dari inamwangukia, anaacha. Usichukue udongo wa shamba la zabibu, hata ukiwa mzuri namna gani. Mizabibu ya Hombolo na Mpunguzi hupuliziwa dawa mara kwa mara, na masalia ya viuatilifu hayaonekani kwa macho. Chukua mahali pasipolimwa, chekecha mawe, kisha ukaange kwenye sufuria kavu kwa nusu saa, kidogo kidogo, ili kuua sisimizi, mayai ya wadudu na utitiri.

Unyevu unapimwa kwa mkono. Udongo wa chini, sentimita 10 za kwanza, ukiufinyanga ushikane bila kutoa tone la maji. Wa juu uwe karibu mkavu. Jaza kwa tabaka za sentimita 5, kila moja uikandamize kwa kipande cha ubao kabla ya kuongeza nyingine. Kwenye kona moja simamisha bomba jembamba la plastiki, kama lile la kupitishia nyaya, kutoka kitakoni hadi juu ya uso, na tundu lake la juu uzibe kwa kitambaa. Wakati wa kiangazi mimina humo mililita 200 hadi 300 kila baada ya wiki mbili au tatu. Maji yanashuka moja kwa moja chini, uso unabaki mkavu, na buibui anachagua mwenyewe kina kinachompendeza. Kupulizia maji juu kila siku ni mazoea mabaya: uso unalowa, chini kunabaki vumbi, naye anakimbilia kwenye kuta.

Mwanzo wa shimo ni lazima. Chukua mti wa unene wa sentimita 3 hadi 4, uuchome udongoni kwa mshazari, ukilalia ukuta wa kioo, hadi sentimita 10 au 12, kisha uuchomoe polepole ukiuzungusha. Juu ya mdomo weka nusu ya kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango, au gome la mti lililopinda, ukilididimiza kidogo lisipinduke. Nje ya kioo, kuanzia kitakoni hadi usawa wa udongo, funga manila nyeusi kwa utepe wa gundi. Tarantula hukwepa mwanga. Kioo kikiwa na giza, mara nyingi atachimba akikifuata, na ukifunua manila kwa dakika moja jioni utamwona ndani ya chumba chake. Faida hii boksi la plastiki lenye ukungu-ukungu haliwezi kukupa, na ndiyo sababu kubwa ya mtu kulipia kioo.

Kisosi cha maji kipana, chenye kina cha sentimita 1 au 2, kiwekwe kona ya mbali na bomba. Sponji ndani ya maji haina kazi ila kuzalisha bakteria.

Kumhamisha

Fanya jioni, katika chumba chenye mlango uliofungwa na nguo imeziba upenyo wa chini. Weka chombo chake cha zamani ndani ya beseni kubwa au boksi refu la plastiki. Kama alikuwa na kifuu au gome lenye utando wake, hamisha kifuu hicho pamoja naye. Atatulia haraka zaidi kwa sababu utando wake mwenyewe anautambua kwa miguu. Kama yuko wazi, mfunike kwa kopo la plastiki linaloonyesha, pitisha karatasi ngumu chini yake, mpeleke tangini, laza kopo mbele ya mdomo wa shimo na umguse miguu ya nyuma kwa brashi laini ya rangi. Brashi iwe na mpini mrefu. Vidole visiingie kabisa. Kuumwa na Pterinochilus murinus kunaleta maumivu makali na mikakamao ya misuli inayoweza kujirudia kwa siku kadhaa. Ikitokea, osha kwa maji na sabuni na uende hospitali, useme wazi umeumwa na nini.

Kasi yake ndiyo hatari kubwa. Akipanda mkono au mpini, usirushe. Shusha mkono ndani ya beseni, subiri asimame, mfunike tena.

Siku za kwanza

Kupanda kuta usiku wa kwanza hadi wiki ya kwanza ni kawaida. Akiendelea baada ya hapo, angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: uso wa udongo umelowa, tangi linatikiswa (spika, jokofu, mlango unaobamizwa), au kifuu hakina giza la kutosha. Mara nyingi ni la kwanza. Acha kifuniko kwenye reli lakini usimwage maji mpaka uso ukauke.

Usimpe chakula siku 7 za mwanzo. Baada ya hapo, mpe nyenje au mende mmoja, ambaye mwili wake hauzidi tumbo la buibui, usiku. Asipoguswa hadi kesho yake, mtoe. Mdudu aliyeachwa humo humsumbua, na buibui akiwa anajivua gamba, nyenje anaweza kumng'ata hadi kumuua. Usiokote mende wa jikoni. Huenda ameshakanyaga dawa. Tarantula aliyeshiba na mwenye tumbo nono hukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kula, kwa hiyo kukataa nyenje si ugonjwa.

Akiziba mdomo wa shimo kwa udongo na utando, mwache. Hiyo ndiyo dalili nzuri kuliko zote katika tathmini hii. Huenda anajiandaa kujivua gamba, au ametulia tu. Akionekana amelala chali, miguu imenyooka kidogo, anajivua gamba. Usimguse, usimpulizie, usimgeuze. Buibui anayekufa hukunja miguu chini ya mwili. Baada ya kujivua, subiri siku 10 hadi 14 kabla ya chakula, meno yawe yamerudi kuwa meusi na magumu.

Joto la chumba cha Dodoma linatosha. Usiku wa Juni na Julai unapopoa hadi karibu nyuzi 14 nje, ndani ya nyumba ya tofali hali ni afadhali, na mchimbaji hushuka chini kwenye joto. Taa ya kumpasha haihitajiki, na jua la dirishani lisiguse kioo hata kwa nusu saa. Kioo hukusanya joto upesi na tangi haliwezi kulitoa kupitia kanda mbili za sentimita 3.

Dawa za kupulizia mbu, kunguni na mende ni sumu kwake moja kwa moja. Nyumba ikipuliziwa, ziba kanda zote mbili kwa nailoni kabla, hamisha hewa ya chumba kwa madirisha wazi, na uzifungue baada ya harufu kuisha. Udi wa mbu usiwashwe chumba hicho. Kwa siafu na sisimizi, weka kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji na matone ya mafuta ya kupikia. Kundi la siafu likipata njia, hakuna kinachobaki kwenye shimo.

Kasoro na mahali pa boksi la plastiki

Tangi la fundi lina kasoro mbili ambazo vipimo havizitibu. Mchanga huingia kwenye reli, kifuniko kikakwama, na kukisukuma kwa nguvu kunatikisa shimo. Futa reli kwa brashi kavu kila unapofungua. Ya pili ni uzito. Mpangaji anayehama mara kwa mara asilinunue. Kila kuhama ni kumchimbua buibui, kumwaga udongo na kuanza upya, na buibui anayeanzishwa upya kila mara hachelewi kuacha kula.

Kwa mtu huyo, na kwa tarantula yeyote ambaye hajafika sentimita 10, boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, la lita 20 hadi 30, kutoka Majengo au Soko la Sabasaba, linafanya kazi ile ile kwa sehemu ndogo ya gharama. Toboa matundu kwa msumari wa moto kutoka ndani kwenda nje, ili ncha kali zibaki nje, kwenye pande mbili zinazotazamana, moja chini na nyingine juu, kwa mpangilio ule ule wa kanda za alumini. Kuta zake hutanuka kidogo udongo ukijaa, kwa hiyo kagua kama kifuniko bado kinabana pembe zote. Buibui mwenyewe hatofautishi kioo na plastiki. Anatofautisha kina na giza.

Tangi la samaki lililo tayari dukani hatulipendekezi kwa yeyote. Hewa inatoka juu tu, kifuniko kinaegeshwa, na mara nyingi likijazwa udongo wa kutosha, kitako chake hakikupimwa kwa uzito huo.

Na anayemfuga Encyocratella olivacea, tarantula wa Tanzania anayeishi mitini, asiagize vipimo hivi. Ampe fundi kinyume chake: kitako sentimita 25 kwa 25, kimo 40, udongo sentimita 6, gome refu lililosimamishwa kuegemea ukuta, na mlango wa kusukuma mbele badala ya juu, kwa sababu huyu hufuma utando wake karibu na kifuniko na kila ukikifungua ungekuwa unamchania nyumba.